Ororo: Binti wa "Kenya" Aliyechorwa Marekani



Ndugu wazazi na vijana, leo naomba tuzungumze historia isiyokuwamo katika mtaala wa madrasa. Binti mmoja wa darasa la jioni hapa Masaka aliniuliza, "Ustadhi, ni kweli Ororo ni neno la Kiswahili?" Alikuwa amemwona Storm katika filamu za X-Men, zile za agasobanuye ambazo msimuliaji huzieleza kwa Kinyarwanda, kisha akasikia kwamba jina halisi la shujaa huyo ni Ororo na kwamba asili yake ni Kenya. Alifurahi sana. Katika mashujaa wote wale wenye nguvu za ajabu, kumbe mmoja ni jirani yetu!

Neno lipo. Tunasema ngozi nyororo, udongo mwororo, yaani laini. Lakini katika vitabu vya katuni alikotoka Storm, msomaji anaambiwa kuwa Ororo maana yake ni uzuri. Ni tofauti ndogo, ila ukiifuata inakufikisha mbali.

Storm alitungwa mwaka 1975 na Wamarekani wawili wa kampuni ya Marvel, mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Tazameni alivyoingizwa. Tunaonyeshwa Kenya, lakini si Nairobi wala Mombasa, hakuna shule, hakuna msikiti, hakuna soko. Kuna watu wenye ukame wanaomwomba mvua mwanamke mwenye nywele nyeupe na macho ya buluu. Mavazi yake ni machache kiasi kwamba nywele ndefu ndizo zinazomsitiri kifuani. Ananyanyua mikono, mvua inanyesha. Kisha anakuja Mzungu, Profesa Xavier, kumweleza kuwa yeye si mungu bali ni binadamu aliyezaliwa na kipawa, na anamchukua kwenda Marekani. Mwaka uliofuata mwandishi Chris Claremont akamwongezea nasaba: mama binti wa kifalme wa Kenya, baba Mmarekani mweusi mpiga picha, wazazi wakafa Cairo katika vita vya Suez vya 1956, yatima akawa mwizi mdogo wa mitaani, halafu akatembea kwa miguu kuelekea kusini.

Mwislamu ataona shirki kwanza, na ni haki yake. Lakini kwa uadilifu tuseme kuwa Xavier ndani ya kitabu anaukanusha huo uungu. Mimi nataka tutazame jambo la pili, ambalo wengi hulipita haraka kwa kusema tu "hana hijabu" na kufunga kitabu. Mwanamke huyu amepewa nguvu kuliko karibu wanaume wote walio pembeni yake, anaamrisha radi. Hata hivyo, picha yake ya kwanza imepangwa ili atazamwe. Nguvu ni zake, lakini mwili wake umewekwa kwa ajili ya macho ya mtu mwingine. Kwa wachoraji wale, msomaji wa vitabu hivyo alikuwa mvulana wa Kimarekani, naye ndiye aliyechorewa.

Na hii haikuanzia kwa Storm. Wonder Woman alitokea mwishoni mwa 1941, kazi ya mwanasaikolojia William Moulton Marston, ambaye kwa hakika alitaka wasichana wapate shujaa wao. Ana nguvu za kutisha, anazuia risasi kwa bangili zake. Mwaka 1942 waandishi wengine walimwingiza katika chama cha mashujaa wa kiume, wakampa kazi gani? Ukatibu! Wanaume wanakwenda vitani, yeye anabaki nyuma. Mwaka 1954, wazazi wa Marekani walipolalamika sana kuhusu vitabu hivi, wachapishaji walijiwekea kanuni, na mojawapo ilisema wanawake wachorwe kama walivyo bila kutia chumvi viungo vyao. Mwaka 1971 kanuni zile zikalegezwa, na mimi sishangai kwamba miaka minne baadaye Storm akachorwa vile.

Tusiwe watu wa kuona ubaya tu. Claremont alikaa naye miaka mingi na akamfanya mtu. Mwaka 1980 Storm akawa kiongozi wa X-Men. Mwaka 1984 alinyang'anywa nguvu zake zote, na mwaka 1986, bila hata tone la mvua mkononi, alipambana na Cyclops kugombea uongozi na akamshinda kwa akili na uthabiti. Kama mwanao atasoma kisa kimoja tu cha Storm, basi hicho kina faida kuliko vyote vya radi na upepo.

Sasa wapo wanaosema: tatizo ni nguo, basi avikwe. Historia imeshalijibu hilo. Mwaka 2002, Wamarekani wakiwa tayari na majeshi Afghanistan, Marvel ilimleta Sooraya Qadir, anayeitwa Dust, binti Mwislamu wa Kiafghani mwenye abaya na niqabu anayeweza kugeuka vumbi. Anaingia katika hadithi akiokolewa na Wolverine kutoka mikononi mwa wauza watu. Neno analolitamka ni "turaab", Kiarabu fasaha, ijapokuwa Waafghani husema Kidari na Kipashto. (Sisi walimu wa Kiarabu tulipaswa kufurahi, lakini hapana.) Na wachoraji walilichora abaya lake mara kwa mara likiwa limemganda mwilini kama limeloweshwa maji. Mwanamke amefunikwa kuanzia utosini hadi miguuni na bado amechorwa ili atazamwe!

Hapa ndipo ningependa wazazi wenye watoto wa kiume wasimame kidogo. Katika Suratun-Nuur, aya ya 30 inawaamrisha waumini wanaume wainamishe macho yao, na ndipo aya ya 31 inapowageukia wanawake. Mpangilio huo tunausoma kila mara, kisha tukifika nyumbani tunaanzia na 31. Kitabu cha katuni ni mwalimu wa macho. Mvulana wa miaka kumi anayekikodolea anafundishwa namna ya kumwangalia dada wa mwenzake, na hakuna anayemuuliza anachojifunza, kwa kuwa shughuli yote imeelekezwa kwenye nguo za msichana. (Hukumu ya kuchora viumbe vyenye roho ina mjadala wake wa kifiqhi na leo siuingii.)

Kilichobadilisha mambo kwa kiasi fulani ni nani anashika kalamu. Mwaka 2014 Marvel ilianza kutoa Ms. Marvel mpya, Kamala Khan, binti wa wahamiaji wa Kipakistani anayeishi Jersey City. Mwandishi alikuwa G. Willow Wilson, Mwislamu, na mhariri alikuwa Sana Amanat, naye Mwislamu. Kamala akipata nguvu kwa mara ya kwanza anajigeuza kuwa shujaa anayempenda, Carol Danvers, mzungu mwenye nywele za dhahabu na vazi la zamani lisilositiri. Na anaona nini? Viatu vinambana, vazi linamkera! Mwishowe anajitengenezea vazi kutokana na nguo ya kuogelea ya kujisitiri. Katika kurasa chache mwanamke amesema jambo ambalo wanaume hawakulisema kwa miaka sabini, kwamba ndani ya nguo ile kuna mtu. Simulizi hiyo ilishinda tuzo ya Hugo mwaka 2015. Sikubaliani na kila kilichomo, ila hapo nawapa haki yao.

Storm yeye alisubiri. Wanawake weusi wa kwanza kupewa na Marvel uandishi mkuu walikuwa Roxane Gay na Yona Harvey, mwaka 2016, miaka 41 baada ya mwanamke wa "Kenya" kuchorwa. Na Oktoba 2024 ukaanza mfululizo wa Storm ulioandikwa na Mwafrika, Murewa Ayodele wa Nigeria.

Kenya ya kweli wakati huo ilikuwa na nani? Wangari Maathai alipata shahada ya udaktari Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1977, Storm akiwa bado mgeni vitabuni, alianzisha harakati za kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini. Hakuleta mvua kwa kunyanyua mikono. Alipopinga jengo refu lililotaka kula bustani ya Uhuru mwaka 1989, aliambiwa hadharani kuwa mwanamke wa Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza, jengo halikujengwa, na mwaka 2004 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani.

Na hapa kwetu? Zura Karuhimbi alikuwa mganga wa mitishamba kule Musamo, Ruhango, mwanamke mzee mjane. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, watu zaidi ya mia walijificha kwake, ndani ya nyumba yake ndogo na katika shamba lake. Wauaji walipokuja alitikisa bangili zake na kuwatishia kuwa wakiingia mizimu itawashukia. Alitumia pia majani yanayowasha ngozi, akayapaka mlangoni na kuwagusa nayo. Walimwogopa kwa sababu waliamini kuwa ni mchawi. Miaka mingi baadaye alieleza mwenyewe kuwa uchawi haukuwapo kabisa, ilikuwa hila ya kuokoa roho za watu, na aliyemtegemea ni Mungu. Mwaka 2006 alitunukiwa nishani ya taifa, na alifariki Desemba 2018.

Binti wa darasa la jioni nilipomsimulia habari hizi, hakuuliza Bibi Zura alivaa nini. Aliuliza yale majani yanaitwaje.