Hatari au Uwezekano? Sindano ya Uzazi wa Mpango na Lugha ya Ushauri Katika Eneo la Arua

Historia ya sindano ya uzazi wa mpango nchini Uganda imezoeleka kusimuliwa kama historia ya dawa na ya njia za kuifikisha kwa wanawake. Makala haya yanashikilia kuwa ni historia ya maneno pia. Mwanamke wa Dadamu, katika eneo la Arua, hupima faida na madhara ya homoni kupitia maneno anayopewa na mhudumu. Maneno hayo yakipotoka, uamuzi wake hupotoka nayo.

Sindano ya Depo-Provera, ambayo huzuia mimba kwa miezi 3, ilizua mabishano tangu mapema. Marekani ilikataa kuiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1978, kisha ikaikubali mwaka 1992. Ina faida zake: haihitaji kukumbukwa kila siku, na mwanamke anaweza kuitumia kwa faragha. Ina madhara pia: hedhi huweza kuvurugika au kukoma, uimara wa mifupa hupungua, na uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi. Nchini Uganda, majaribio ya Nakasongola yaliyoanza mwaka 2004 yalionyesha kuwa wahudumu wa afya wa jamii wanaweza kuidunga kwa usalama. Hivyo ushauri ukatoka kliniki na kuingia kijijini, katika lugha za kijijini.

Mwaka 2011 utafiti uliofuatilia jozi 3,790 za wenza katika nchi 7 za Afrika, Uganda ikiwemo, ulidokeza kuwa sindano hiyo huenda ikaongeza takriban maradufu uwezekano wa kuambukizwa VVU. Mnamo 2017 Shirika la Afya Duniani likaiweka katika daraja la 2: mwanamke asinyimwe, ila aelezwe kuwa kuna shaka ambayo haijathibitishwa.

Hapo ndipo lugha ilipoelemewa. Katika Kiswahili cha kila siku, neno “hatari” hubeba maana mbili: jambo linalodhuru, na uwezekano wa kudhurika. Sentensi “sindano hii ina hatari ya VVU” yaweza kusikika kana kwamba dawa yenyewe ina virusi. Mhudumu aliyeogopa kutisha angeweza kunyamaza. Aliyesema, angeweza kutisha. Kwa vyovyote vile, mwanamke hakupewa cha kupima.

Jaribio lililofanyika Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia lilihusisha wanawake 7,829, na matokeo yake yalitolewa Juni 2019. Kati ya sindano, kitanzi cha shaba na kipandikizi, hapakuonekana tofauti kubwa ya maambukizi. Mwaka huohuo Shirika likairejesha sindano katika daraja la 1. Hata hivyo, jaribio lilifichua jambo zito zaidi: kwa jumla, karibu wanawake 4 katika kila 100 waliambukizwa kwa mwaka, njia yoyote waliyotumia. Mjadala juu ya sindano ulikuwa umeifunika hatari iliyo wazi.

Arua huongeza uzito wa suala hili. Kilugbara ndicho lugha kuu, Koboko ina Kikakwa, wakimbizi kutoka Sudan Kusini huja na Kiarabu cha Juba, na Kiswahili huvuka mpaka wa Kongo pamoja na biashara. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya 2005, imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Hadhi hiyo haitoshi ikiwa istilahi za afya zitabaki na utata uleule, kisha utata huo upitishwe katika tafsiri za lugha nyingine.

Watunga sera wana kazi tatu. Kwanza, “hatari” itengwe na “uwezekano” katika miongozo ya ushauri. Pili, uwezekano utajwe kwa hesabu ya watu: wangapi kati ya 100, kwa muda gani. Tatu, lililothibitishwa litamkwe mbali na linaloshukiwa, na maneno yajaribiwe na wanawake wenyewe kabla ya kuchapishwa. Uhuru wa kuchagua hauanzii kwenye idadi ya dawa zilizomo kabatini. Huanzia pale mwanamke anapoelewa anachoambiwa kuhusu kila moja.