Uzio wa Mbao wa Mtaa wa Sherbourne

Wengi wetu tuliofika Toronto tulianzia maisha ghorofani. Ghorofa ya 15, ya 20, lifti mbovu, na ukichungulia dirishani unaziona huko chini nyumba za matofali mekundu za karne ya 19. Kwa hiyo wenye nyumba hizo wanapokusanya saini kupinga jengo jingine refu, sisi hatujui tusimame upande gani. Tuliotoka Unguja, Lamu au Mombasa tunaujua uchungu wa mji wa kale unapoharibiwa. Lakini kodi ya nyumba nayo tunaijua.

Ugomvi huu si wa jana. Katika miaka ya 1950 na 1960 nyumba za zamani za eneo la St. James Town zilibomolewa, yakasimamishwa maghorofa marefu. Yalikusudiwa vijana wa tabaka la kati, wala hakuna aliyetufikiria sisi, lakini wenyewe walipohama tukaingia wahamiaji. Wakazi wa mitaa jirani waliyaona, wakaapa kwamba kwao hayatafika. Mwaka 1971 serikali ya Ontario ilisimamisha ujenzi wa barabara kuu ya Spadina baada ya wananchi kuipinga. Desemba 1972 akachaguliwa meya David Crombie, aliyewasikiliza watu wa mitaa.

Ndipo ikaja Aprili 1973. Kwenye kona ya Dundas na Sherbourne mwekezaji alitaka kubomoa safu ya nyumba kongwe ajenge maghorofa marefu. Alfajiri watu wakakusanyika, miongoni mwao Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji aliyehamia Toronto kutoka New York mwaka 1968. Sheria ya mji ilikataza kubomoa jengo bila kuzungushia uzio. Basi wakaung'oa uzio wa mbao! Bila uzio wabomoaji hawakuweza kuendelea kihalali, na meya akapata nafasi ya kuzungumza na mwekezaji.

Sisi tuliosomea uhandisi tunavutiwa zaidi na kilichofuata. Mji uliununua uwanja ule. Wasanifu Jack Diamond na Barton Myers waliziacha nyumba za mbele mahali pake, wakajenga nyuma yake jengo la ghorofa sita la makazi ya kodi nafuu. Hesabu ilikubali: watu wengi walipata makao bila mnara. Tulipokuwa wanafunzi tuliamini kwamba ukitaka watu wengi ni lazima upande juu, na hatukumbuki kama kuna mwalimu aliyetukanusha.

Mwaka huohuo halmashauri iliweka sheria ya muda ya kuzuia majengo ya zaidi ya futi 45, yaani karibu mita 14, katikati ya mji. Haikudumu, lakini ilifungua njia ya mpango mpya wa mwaka 1976 uliohimiza makazi katikati ya mji, si ofisi tu.

Hata hivyo, historia haikulindwa kwa usawa. Katika eneo lililoitwa The Ward, Mtaa wa Chestnut, palikuwa na kanisa la Wamethodisti weusi lililoanzishwa miaka ya 1840 na watu waliokimbia utumwa Marekani. Mtaa wao ulifutwa, na mahali pa kanisa pakawa maegesho ya magari. Mwaka 2015 wanaakiolojia walichimba wakakuta misingi yake; leo juu yake pana mahakama iliyofunguliwa mwaka 2023. Pale hakuna aliyeng'oa uzio.

Ndiyo maana siku hizi, tukialikwa kwenye mikutano ya mitaa, tunakwenda, ingawa mara nyingi tuko watatu tu na kahawa yetu. Tunauliza mambo mawili: nyumba ngapi kati ya hizo mpya ni za kodi ambayo dereva wa teksi ataimudu, na chini ya kiwanja hicho waliishi akina nani. La kwanza hujibiwa kwa maneno mengi. La pili huwafanya wapekue makaratasi yao.