Namba za pikapu nchini Uganda: sheria humtafuta aliye katika sajili

Katika tarafa ya Makindye, mojawapo ya tarafa tano za jiji la Kampala, pikapu ni chombo cha kazi. Hupakia samaki na ndizi Ggaba, hubeba milango ya chuma kutoka kwa mafundi wa Katwe, na hupandisha saruji katika vilima vya Muyenga. Huuzwa, ikakarabatiwa, ikauzwa tena, na mara nyingi mnunuzi huondoka na funguo pamoja na karatasi zenye jina la mtu mwingine.

Hapo ndipo suala la usajili linapokuwa zito. Gari likinaswa na kamera au likihusishwa na uhalifu, anayetafutwa kwanza ni mtu ambaye jina lake limo katika sajili, hata kama usukani aliushika mwingine. Makala haya yanaeleza kanuni za msingi kwa wasomaji wa Kiswahili, lugha iliyotambuliwa na Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kupitia marekebisho ya mwaka 2005, ilhali sheria na fomu za usajili bado huandikwa kwa Kiingereza.

Sheria na wasimamizi wake

Msingi wa kanuni hizi ni Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake. Kwa mujibu wa sheria hiyo, gari halipaswi kutumika barabarani pasipo kusajiliwa na kubandikwa namba zake, mbele na nyuma.

Kwa miaka mingi sajili ya magari ilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Mwaka 2024 kazi hiyo ilihamishiwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. URA imebaki na jukumu la kodi na forodha, huku polisi wa trafiki wakisimamia utekelezaji wa sheria barabarani.

Jinsi ya kuisoma namba

Gari la kawaida lililosajiliwa kwa mfumo wa zamani lina herufi tatu zinazoanza na U, tarakimu tatu, kisha herufi moja ya mwisho. Kibao cha mbele ni cheupe na cha nyuma ni cha manjano, na maandishi yake ni meusi. Katika mfumo mpya wa kidijitali, herufi za mwanzo ni mbili, zikifuatwa na tarakimu tatu na herufi mbili za mwisho, kwa mfano UA 001AA.

Pikapu zisizo za raia wa kawaida zina alama zake. Namba inayoanza na UG ni ya gari la serikali, UP ni ya polisi, na H4DF ni ya jeshi. Katika Makindye, ambako ipo kambi ya jeshi, na ambako mtaa wa Nsambya una makazi makubwa ya polisi, wakazi huziona namba hizo kila siku. Kuzitambua kuna faida: anayetaka kulalamika kuhusu gari la umma hujua aanzie ofisi gani.

Pikapu ni gari la mizigo

Forodha hutofautisha magari yaliyoundwa kwa ajili ya kuchukua watu na yale yaliyoundwa kwa ajili ya mizigo. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, magari ya watu yamo katika fungu la 8703 na ya mizigo katika fungu la 8704. Pikapu yenye kabini moja huangukia fungu la mizigo bila ubishi. Ile yenye kabini mbili, inayochukua abiria watano na bado ina bodi nyuma, ndiyo huzua maswali, kwa kuwa uamuzi wa maofisa wa forodha hugusa kiwango cha kodi. Kwa hiyo maelezo ya aina ya gari katika kadi, ambayo wengi nchini Uganda huiita logibuku, yanapaswa kulingana na gari lenyewe.

Anayeagiza pikapu kutoka ng'ambo hulipa, pamoja na ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Isitoshe, marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Kinachohesabiwa ni mwaka wa kutengenezwa, si mwaka gari lilipoanza kutumika katika nchi lilikotoka.

Umbo la pikapu nalo huleta tatizo ambalo gari dogo halina. Kibao cha nyuma kwa kawaida hukaa kwenye bampa, chini ya mlango wa bodi. Mlango huo ukilazwa ili kubeba mabomba au mbao ndefu, namba hufichika. Tope la barabara za vumbi nalo hufanya vivyo hivyo. Sheria inataka namba isomeke wakati wote gari likiwa barabarani, na dereva hawezi kujitetea kwamba kilichoificha ni shehena.

Kununua pikapu iliyokwisha kutumika

Desturi iliyoenea ni muuzaji kutia sahihi fomu ya uhamisho na kumkabidhi mnunuzi, naye akaihifadhi kabatini ili akwepe gharama. Akiiuza tena, humpa mnunuzi mwingine karatasi ileile. Kwa njia hii pikapu hupita mikono kadhaa, huku sajili ikiendelea kumtaja mwenyewe wa kwanza.

Pande zote mbili hujiweka hatarini. Muuzaji huendelea kutambuliwa kuwa mmiliki, na faini au tuhuma humfuata nyumbani. Mnunuzi naye hana mali anayoweza kuithibitisha: gari likiibiwa, likizuiliwa na polisi, au muuzaji akifariki na warithi wakalidai, mkataba wa mkononi utamsaidia kidogo tu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anashauriwa kufanya mambo manne. Kwanza, alinganishe namba ya chasisi na ya injini katika gari na zile zilizo katika kadi. Asishtuke iwapo chasisi ya gari lililotengenezwa kwa soko la Japani ina herufi na tarakimu pungufu ya 17, kwani ndivyo zilivyo. Pili, athibitishe katika sajili kwamba muuzaji ndiye mmiliki, na kwamba gari halijawekwa rehani kwa mkopo. Tatu, aulize kama lina faini ambazo hazijalipwa. Nne, uhamisho ufanyike wakati wa mauzo, pande zote mbili zikiwa na namba ya mlipakodi, TIN, bila kuahirishwa hadi siku nyingine.

Namba za kidijitali na mjadala wake

Rais Yoweri Museveni alitangaza mpango wa namba za kielektroniki alipolihutubia Bunge Juni 2018, siku chache baada ya kuuawa kwa mbunge wa Manispaa ya Arua, Ibrahim Abiriga, aliyepigwa risasi na watu waliokuwa kwenye pikipiki. Mwaka 2021 serikali iliingia mkataba na kampuni ya Urusi, Joint Stock Company Global Security. Namba hizo zilizinduliwa Novemba 2023, kwa kuanzia na magari ya serikali. Kwa magari yaliyokwisha kusajiliwa, ada ya kubadilisha ilitangazwa kuwa shilingi 150,000, na kwa pikipiki shilingi 50,000.

Serikali inasema mfumo huo utasaidia kufuatilia wahalifu na kupunguza ajali. Wakosoaji wanahofia mwenendo wa raia kufuatiliwa bila idhini ya mahakama, wakikumbusha kwamba nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Juni 2025, faini za kamera zilipoanza kutolewa moja kwa moja kwa wamiliki, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba wizara ilisimamisha utaratibu huo baada ya siku chache ili uangaliwe upya.

Magari yasiyo na namba

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili mjini Kampala, suala hili lina historia. Katika miaka ya 1980, misako ya wanajeshi iliyowakusanya raia na kuwapakia kwenye malori ilijulikana kwa maneno ya Kiswahili, "panda gari". Kabla na baada ya uchaguzi wa Januari 2021, wafuasi wa upinzani walikamatwa na watu waliotumia magari aina ya Toyota Hiace, ambayo mara nyingi hayakuwa na namba, na wananchi wakayapa jina la droni. Tarehe 4 Machi 2021, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Jeje Odongo, aliwasilisha bungeni orodha ya watu 177 waliokuwa wakishikiliwa na jeshi.

Jamaa waliowatafuta ndugu zao wakati huo walikosa hata pa kuanzia, kwa sababu gari lililowachukua halikuwa na alama ya kuandika katika maelezo ya polisi. Sheria inayomtoza faini mwenye pikapu ambaye namba yake imefunikwa na mbao haina maneno tofauti kwa gari linaloficha namba kwa makusudi.

Anayeshuhudia tukio lolote la gari, liwe ajali, wizi au ukamataji, anashauriwa kuandika mara moja namba yote, rangi ya kibao, aina na rangi ya gari, mahali na saa. Iwapo namba haikuwepo, hilo nalo liandikwe, kwa kuwa kuendesha gari bila namba ni kosa linaloweza kuripotiwa lenyewe katika kituo cha polisi.