Msimu Unaopimwa kwa Kilomita: Lubumbashi na Ligi ya Kandanda ya Congo, 1939 hadi Leo

Katika orodha ya mabingwa wa kandanda wa Congo, msimu wa 2022–2023 hauna mwenyewe. Ligi ilianza, timu zikasafiri, mabao yakafungwa, kisha mashindano yakakwama na msimu mzima ukafutwa. Msimu uliofuata timu ziligawanywa katika kanda mbili, Mashariki na Magharibi, na bingwa akapatikana kwa mchujo wa mwisho uliozikutanisha timu bora za kila upande. TP Mazembe ya Lubumbashi ndiyo iliyolibeba taji hilo, la 20 katika historia yake.

Wapo waliolalamika kwamba kuigawa ligi ni kurudi nyuma. Nchi yenye mabingwa wa Afrika, walisema, ingestahili jedwali moja, kila timu icheze na kila timu, nyumbani na ugenini. Lakini anayeifuatilia historia ya mpira wa Lubumbashi ataona kwamba ratiba ya msimu nchini Congo haijawahi kupangwa kwa kanuni za mchezo peke yake. Reli, mto, ndege na nauli vimekuwa na kauli kubwa kuliko vitabu vya sheria.

Ligi iliyozaliwa mjini

Élisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule ambao reli ya kutoka kusini iliufikia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilichimba shaba, na kampuni ya reli ya BCK ikaisafirisha. Mwaka 1928 njia ya reli ilifika Port-Francqui, siku hizi Ilebo, kwenye Mto Kasai. Ikaishia hapo. Aliyetaka kufika Léopoldville, yaani Kinshasa, alishuka kwenye treni akapanda meli na kuteremka na mto. Kwa ndege, miji hiyo miwili imeachana kwa zaidi ya kilomita 1,500. Majirani wa kweli wa Élisabethville walikuwa Ndola na Kitwe, ng'ambo ya mpaka.

Kwa hiyo mpira ulipoota mizizi mjini humo, uliota kama mpira wa mji. Wazungu walikuwa na mashindano yao na Waafrika yao, kama ilivyokuwa kwa shule, hospitali na mitaa. Kwa upande wa Waafrika, wamisionari Wabenediktini ndio walioshika uongozi, miongoni mwao Padri Grégoire Coussement, na timu zikawekwa chini ya shirikisho la vyama vya michezo vya wenyeji. Shirikisho hilo lilikuwa na madaraja, na timu zote ziliishi umbali wa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Ratiba ya namna hiyo hupangika kwa urahisi: mchezaji anafanya kazi wiki nzima, mechi ni siku ya mapumziko, na mkusanyo wa pointi hauhitaji tiketi ya safari.

Ndani ya mfumo huo zilizaliwa, mwaka 1939, timu mbili ambazo hadi leo zinaugawa mji. Ya kwanza ilianzishwa na Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface kwa jina la Saint-Georges. Iliingizwa moja kwa moja daraja la kwanza na kumaliza msimu wake wa kwanza ikiwa ya tatu. Mwaka 1944 ikawa Saint-Paul, na miaka ya baadaye ikachukua jina la kampuni ya matairi ya Englebert; ndiyo TP Mazembe ya leo. Ya pili ni Saint-Éloi, iliyobeba jina la mtakatifu msimamizi wa mafundi wa chuma, timu ya watu wa reli, ambayo baadaye ikajulikana kama FC Saint-Éloi Lupopo. Mpaka sasa mashabiki wake huitwa Cheminots, watu wa reli, na rangi zao ni njano na buluu. Wapinzani wao huvaa nyeusi na nyeupe na kuitwa Corbeaux, kunguru.

Derbi ya timu hizo mbili ina umri mkubwa kuliko ligi ya taifa, na hata kuliko uhuru wa nchi. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kilele cha msimu mzima. Kilichokuja baada yake, mkoani au kwenye taifa, kilihesabiwa kama safari ya ziada.

Ngazi tatu

Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye Katanga ikatangaza kujitenga, na hali hiyo ikadumu hadi Januari 1963. Nchi iliyokatika vipande haiwezi kuwa na bingwa mmoja. Mashindano ya taifa yalipata umbo baada ya Katanga kurudi, na umbo hilo lilikuwa la ngazi.

Ngazi ya chini ni Entente, chama cha mpira cha mji. Kwa Lubumbashi kinajulikana kwa kifupi cha EUFLU. Timu za mji zinacheza msimu kamili kati yao. Walio bora wanapanda ngazi ya mkoa, wanakokutana na timu za miji mingine ya madini kama Likasi na Kolwezi. Bingwa wa mkoa ndiye anayekwenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine, ama kwa mtoano wa kwenda na kurudi, ama kwa makundi madogo yanayokusanywa katika mji mmoja kwa siku chache. Ligi ya taifa inayoitwa Linafoot ilipoanzishwa mwaka 1990, ilikalia juu ya ngazi hizo bila kuziondoa.

Mfumo huo ulikuwa na busara yake. Timu nyingi hazikuhitaji kupanda ndege kamwe. Zile chache zilizohitaji zilifanya hivyo mwishoni mwa mwaka, zikiwa tayari zimejikusanyia mapato ya viingilio nyumbani. Kasoro yake ni kwamba bingwa wa taifa angeweza kupatikana baada ya mechi chache sana dhidi ya timu za nje ya mkoa wake. Siku moja mbaya ugenini ilitosha kuufuta mwaka mzima.

Lubumbashi iliupenda mfumo huo kwa sababu ulikuwa unailipa. Mwaka 1966 Englebert ilitwaa Kombe la Katanga, Kombe la Congo na ubingwa wa taifa, na kutokana na ushindi huo ikajiongezea sifa ya Tout Puissant, ile TP tunayoiona leo mbele ya jina Mazembe. Ikashinda tena 1967. Mwaka 1968 taji likaenda kwa Lupopo, na 1969 likarudi kwa Englebert: miaka minne mfululizo kombe la nchi nzima lilibaki katika mji mmoja. Lupopo ingelitwaa tena mwaka 1981, 1986, 1990 na 2002.

Msimu wa pili juu ya msimu

Kombe la Klabu Bingwa Afrika lilianza mwaka 1964 kama mashindano ya mtoano mtupu. Kwa timu ya Lubumbashi, hiyo ilikuwa kalenda ya pili iliyowekwa juu ya ile ya nyumbani, na mapema sana klabu ya Englebert ikajifunza kuibeba. Mwaka 1967 ilifika fainali na Asante Kotoko ya Ghana: sare ya 1–1 Kumasi, kisha 2–2 Kinshasa. Mechi ya tatu ya kuamua ikapangwa, Kotoko haikutokea, na taji likaenda Congo. Mwaka 1968 Englebert iliifunga Étoile Filante ya Lomé 5–0 katika mechi ya kwanza, ikafungwa 4–1 katika ya pili, na ikabaki bingwa. Mwaka huohuo Pierre Kalala, mshambuliaji wake, alifunga bao pekee la fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Addis Ababa, Congo ikiifunga Ghana. Englebert ilifika fainali nyingine mbili mfululizo na kuzipoteza, kwanza kwa Ismaily ya Misri, kisha kwa Kotoko waliokuja kulipiza.

Enzi hiyo ilipopita, taji la bara lilipatikana mara moja tu katika muda mrefu, Kombe la Washindi la mwaka 1980. Mambo yalibadilika baada ya Moïse Katumbi kushika uongozi wa klabu mwaka 1997, ambao pia ni mwaka mashindano ya Afrika yalipopata hatua ya makundi na kuitwa Ligi ya Mabingwa. Makundi yalimaanisha mechi nyingi za uhakika, na mechi za uhakika zinahitaji kikosi kipana, madaktari, usafiri usiotegemea bahati. Mazembe ilijenga vyote hivyo, ikawa hata na ndege yake. Mwaka 2011 ikafungua uwanja wake Kamalondo, wenye nyasi bandia zinazostahimili mvua za Lubumbashi za kati ya Novemba na Machi.

Matokeo yanajulikana. Ilitwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2009, 2010 na 2015, na Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na 2017. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, iliifunga Pachuca ya Meksiko 1–0 na Internacional ya Brazil 2–0, ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan iliishinda 3–0.

Msomaji wa Dar es Salaam atakumbuka pia mwaka 2011. Mazembe iliitoa Simba, kisha Shirikisho la Kandanda la Afrika (CAF) likaiondoa Mazembe mashindanoni baada ya Simba kulalamika kwamba mchezaji Janvier Besala Bokungu hakustahili kuchezeshwa. Mwaka huohuo Mazembe ikamchukua Mbwana Samatta kutoka Simba. Januari 2016, baada ya kombe la tatu la Ligi ya Mabingwa, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani.

Kalenda ya bara iliivuta ya nyumbani. Zamani msimu wa Congo ulihesabiwa kwa mwaka mmoja. Tangu 2013–2014 unaandikwa kwa miaka miwili. CAF nayo ilifuata njia hiyo kuanzia 2018.

Ndoto ya jedwali moja

Ligi ya kila timu dhidi ya kila timu ilianza Uingereza mwaka 1888, kwa klabu 12 za miji ya viwanda ya kati na kaskazini. Iliwezekana kwa sababu treni ilimpeleka mchezaji Jumamosi na kumrudisha jioni ileile. Dunia nzima ikaliiga jedwali hilo, mara nyingi bila kuuliza reli iko wapi.

Congo ililijaribu kwa bidii msimu wa 2018–2019, timu 16 katika jedwali moja. Mazembe ilishinda. Msimu uliofuata ulikatizwa na Covid, na Mazembe ikatangazwa bingwa bila ligi kumalizika. Mwaka 2021 taji likaenda kwa AS Vita Club ya Kinshasa, 2022 likarudi Lubumbashi, na 2023 ndipo likakosa wa kulibeba. Fikiria safari zilizomo ndani ya jedwali lile: Sanga Balende iko Mbuji-Mayi, Maniema Union iko Kindu, Dauphin Noir iko Goma. Hakuna barabara wala reli inayoweza kuizungusha timu katika miji hiyo kwa wiki chache. Kilichobaki ni ndege, na ndege hutaka fedha kabla ya kupaa.

Tatizo hili si la Waafrika peke yao, wala si la miguu na nyasi tu. Mwaka 2018 kampuni ya Blizzard ya Marekani ilianzisha ligi ya kulipwa ya mchezo wa kompyuta, Overwatch League, kwa kuiga ligi za kandanda na mpira wa kikapu: timu 12 zenye majina ya miji kama London, Seoul na Shanghai, kila timu ikicheza mechi 40 katika awamu nne, kisha mchujo. Lakini mechi zote zilichezwa katika ukumbi mmoja huko California, kwa kuwa kuzisafirisha timu kulikuwa mzigo mzito mno. Mwaka 2020 waliamua kila timu iwe na mechi za nyumbani. Machi mwaka huohuo Covid ikafunga safari, na mashindano yakahamia mtandaoni. Hapo wakagundua kwamba hata intaneti ina umbali wake, maana amri ya mchezaji wa Seoul huchelewa kufika Marekani. Msimu wa 2021 ligi ikagawanywa kanda mbili, Mashariki na Magharibi. Mwaka 2023 ikafikia mwisho wake.

Kampuni tajiri yenye nyaya za kisasa iliishia kwenye majibu yaleyale ambayo Congo iliyajua tangu miaka ya 1960: ama uwakusanye wote mahali pamoja, ama uwagawe kwa kanda na kuwakutanisha mwishoni.

Kinachostahili kulaumiwa

Kanda, basi, si aibu. Zinawapa watu wa Lubumbashi msimu mrefu wa mechi za karibu: Lupopo, Don Bosco, Lubumbashi Sport, jirani wa Kolwezi na Likasi. Zinaacha fedha za ndege kwa ajili ya mchujo, wakati mashabiki wa nchi nzima wanapofuatilia. Madhara yanatokana na kubadilisha mfumo mara kwa mara, hata kiongozi wa klabu asiweze kupanga bajeti ya miaka miwili, na kuanzisha msimu ambao gharama zake za kuumaliza hazijapatikana.

FECOFA, shirikisho la kandanda la Congo, ikitaka ligi isiyofutwa, haina haja ya kutazama Ulaya. Ianze na Entente, ngazi iliyozilea Mazembe na Lupopo kabla taifa halijawa na bingwa. Iandike mfumo mmoja wa kanda na mchujo, iufunge kwa miaka mitano, na kabla ya mechi ya kwanza itangaze nani atalipa safari ya mwisho.