Baiskeli katika Nchi ya Urani

Moab ni mji mdogo wa jangwani katika jimbo la Utah, Marekani, na waendesha baiskeli wengi huanza kuizunguka milima yake kwa kuelekea kusini. Barabara kuu namba 191 inawapitisha kwenye bonde kavu, kisha wanakata kushoto na kuanza kuipanda milima ya La Sal kwa kona kali zinazopishana. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kule juu barabara inavuka mita 2,400. Mawe mekundu yanabaki chini, miti ya baridi inaanza, na mwezi Mei theluji bado imekalia kilele cha Mount Peale, mita 3,877. Mzunguko mzima ni kilomita 100 hivi, na mapafu yanaijua kila moja.

Nchi hii imeumbwa na chumvi. Miaka milioni 300 iliyopita kulikuwa na bahari iliyokauka na kujaa tena mara nyingi, ikaacha chumvi nene iliyofukiwa na mchanga. Chumvi ikasukumwa juu na uzito ule, ikainua miamba. Maji yalipoiyeyusha, miamba ikadidimia. Bonde la Moab lilizaliwa hivyo, na Castle Valley, ambako barabara inateremkia upande wa pili, vilevile. Wekundu wa miamba ni kutu ya chuma.

Wenyeji wa asili ni Waute. Mwaka 1855 Wamormoni walituma wanaume 41 kuja kujenga ngome. Mwaka huohuo watatu wakauawa na waliobaki wakarudi kwao. Ngome ikabaki tupu hadi alipofika William Granstaff, mtu mweusi mwenye ng'ombe, mwishoni mwa miaka ya 1870. Akaishi humo, akalisha mifugo yake katika korongo la jirani. Mwaka 1881 Waute na wachunga ng'ombe wazungu walipigana Pinhook, kwenye miteremko ya La Sal. Baada ya damu kumwagika, Granstaff alituhumiwa kuwauzia Waute pombe, naye hakusubiri kuhukumiwa, aliondoka. Korongo lake likabaki na jina la kumtukania rangi yake. Baadaye ramani zililipunguza makali tu, na ni mwaka 2017 ndipo lilipoitwa rasmi Grandstaff. Anayerudi mjini kwa barabara ya 128, kando ya Mto Colorado, anaupita mdomo wa korongo hilo zikiwa zimebaki kilomita chache.

Kisha ikaja urani, na hapa Afrika inaingia. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, wakati Kongo ikiwa chini ya Wabelgiji. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha Marekani haikutaka kutegemea mgodi wa mbali kiasi hicho. Serikali ikatangaza bei ya uhakika na zawadi kwa wagunduzi, na watu wa kila namna wakalivamia jangwa.

Mmoja wao alikuwa Charlie Steen, mwanajiolojia wa Texas aliyefilisika. Mkewe na watoto wao wanne waliishi naye kwenye kibanda katika kijiji cha Cisco. Hata kipimo cha mionzi hakuwa nacho. Julai 1952 alikuwa akitoboa mwamba kusini mwa Moab, mahali wataalamu walipopapuuza, keekee ikamharibikia. Jiwe alilolitoa lilikuwa jeusi, na yeye alikuwa akitafuta la njano, kwa hiyo hakulijali sana. Alipofika Cisco, kwenye kituo cha mafuta, aliliweka mbele ya kipimo cha rafiki yake, na mshale ukaruka hadi mwisho. Mgodi akauita Mi Vida. Moab iliyokuwa na watu wasiofika 1,300 mwaka 1950 ikawa nao zaidi ya 4,600 kufikia 1960, na Steen akajijengea jumba mlimani juu ya mji. Utajiri ule baadaye ulimponyoka.

Watafutaji hao wa urani walichonga njia hadi kwenye makorongo yasiyopitika. Soko la urani lilipoanguka miaka ya 1980, njia zilibaki, na mwaka 1983 ndugu wawili waliokosa kazi migodini wakafungua duka la baiskeli. Njia ya Slickrock, iliyokuwa imewekewa alama mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki, ikapata umaarufu wa dunia kupitia baiskeli.

Wapo wanaosimulia haya kama safari ya kutoka uchafu wa madini hadi usafi wa utalii. Mimi siafiki. Utalii umepandisha kodi za nyumba hata wahudumu wa mikahawa hawazimudu. Na kinu cha urani, kilichofungwa 1984, kiliacha tani milioni 16 za mabaki yenye mionzi ukingoni mwa Colorado, karibu na daraja ambapo mzunguko wa La Sal unarudi mjini. Mwaka 2009 serikali ilianza kuyasomba kwa treni hadi Crescent Junction, kilomita 48 kaskazini.

Katanga haikupata watalii wa baiskeli. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya serikali ya Kongo Januari 2004. Julai mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka na kuua wachimbaji wadogo waliokuwa bado wakiingia humo.