Death Wish: Swali Lililozikwa

Katika Death Wish ya mwaka 1974, iliyotokana na riwaya ya Brian Garfield ya 1972, Paul Kersey hawapati kamwe waliomuua mkewe. Anawapiga risasi vibaka wengine wa New York. Tena alipoua mara ya kwanza, alitapika. Basi mtazamaji analazimika kujiuliza: hii ni haki au ni ugonjwa?

Mwendelezo wa 1982 ulimpa Kersey wabaya wake hasa, akawasaka mmoja mmoja. Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2018, Kersey akiwa daktari wa upasuaji Chicago, ilifuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mimi naona imerithi mwendelezo, si filamu ya asili. Jamaa mbaya anauawa, tunashangilia, na swali linazikwa naye.