Chesisi yako na zinki ya Davy

Unataka kupaka chesisi ya gari kitu cha kuzuia kutu? Kabla hujauliza bei, hebu turudi nyuma miaka 200 hivi.

Mwaka 1824 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa na shida: maji ya chumvi yalikuwa yanakula mabamba ya shaba yaliyofunika merikebu kwa chini. Mkemia Humphry Davy akayaunganisha na vipande vya zinki na chuma. Metali hizo hutoa elektroni kwa urahisi kuliko shaba, basi zikaliwa zenyewe, shaba ikapona. Ila shaba isiyoliwa haitoi sumu majini; mwani na viumbe wa baharini wakaganda, merikebu zikapungua mwendo!

Kwenye chuma, wazo hilo lilifaa zaidi. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka. Mabati ya paa lako yanatokana na ujanja huohuo.

Rangi ya kawaida ni ukuta tu. Jiwe likiikwangua, kutu inatambaa chini yake bila wewe kuiona. Zinki ikikwanguka, iliyobaki pembeni inaendelea kujitoa kafara. Lakini hata rangi yenye zinki lazima iguse chuma kitupu. Ukiipaka juu ya kutu, elektroni hazipiti.

Kwa hiyo muulize fundi: ikikwanguka itakuwaje? Na utaisugua mpaka chuma king'ae? Chesisi ndiyo inabeba gari zima. Ikiliwa kimyakimya, utajua siku inakatika, pengine uko mlimani na abiria.